Mpaka Gundi Ikauke

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Naandika nyuma ya karatasi za oda za kiwanda cha mikate ninakofanya kazi, zile ambazo mashine ilizichapa vibaya na msimamizi akasema tuwashie tanuri. Dada ndiye aliyenishauri kwa simu: kama kulia kumekushinda, andika. Dada yangu ana dawa ya kila ugonjwa, hasa ule asiougua yeye. Lakini kulia kumenishinda kweli, kwa hiyo najaribu hili.

Binti yetu alifariki mwezi wa kwanza kwa homa iliyotukuta hatujajipanga. Alikuwa na miaka kumi na sita. Tulimwita Randa tangu alipoanza kutambaa, maana alikuwa mbele nyuma, mbele nyuma, kama randa ya baba yake juu ya mbao. Jina la kwenye vyeti lilibaki kwenye vyeti. Hatukuwa na mwingine. Mimi nikawa Mama Randa, mume wangu akawa Baba Randa, ingawa mtaa mzima humwita Fundi, na mimi pia nikiwa nimekasirika.

Tangu tumzike hajaniita Mama Randa hata mara moja. Haniiti chochote. Akitaka kitu husema "chai ipo?" huku akitazama ukuta, na ukuta ukichelewa kujibu najibu mimi.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Wateja wawili wamekuja kulalamika kwamba milango imevimba haifungiki. Kila mwaka Fundi huwaambia mbao nazo zina kiu. Leo hakuwaambia kitu, amechukua zana akawafuata.

Alhamisi, 5 Machi

Amekuja Mwalimu wa hisabati, kijana mmoja mwenye miwani anayesimamia klabu ya sataranji shuleni kwa Randa. Amefika viatu mkononi kwa sababu ya tope.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

Nimempa kiti. Amekaa ukingoni, amezungukazunguka kwenye hali ya hewa, mwisho amesema: kuna mashindano muhula ukifungwa, na wanafunzi wameomba mwaka huu wasicheze sataranji ya kawaida. Wanataka kucheza ya Randa. Lakini Randa hakuwahi kuandika sheria popote, na kila ukiwauliza watoto wanaanza kubishana.

"Nyinyi ndio mliocheza naye zaidi," amesema. "Naomba mniandikie."

Nilitaka kumwambia atuache kidogo, bado hatujapumua. Fundi akanitangulia. Akasema, "Tutaandika." Ni neno la kwanza lenye uzito kutoka kinywani mwake tangu msibani, na amesema "tutaandika", si "nitaandika". Nimelala na neno hilo.

Jumamosi, 7 Machi

Leo tumekaa karakana, kwenye meza ya kazi, tucheze mchezo mmoja polepole huku mimi nikiandika sheria. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tunainua sauti. Niziandike na hapa.

Ubao ni uleule. Mfalme, malkia, ngome, farasi na askofu wako palepale na wanakwenda vilevile. Randa aliona sataranji ya watu ina vita tupu. "Mama, jeshi zima hili, na hakuna hata mmoja mwenye kazi ya maana?" Basi akaondoa askari wawili wa pembeni kila upande, na mahali pao akaweka Mpagazi na Mkunga. Katikati ya ubao akaweka mmoja asiye wa upande wowote, Mgeni. Baba yake aliwakereza kwa mabaki ya miguu ya meza.

Mpagazi ana kichwa bapa. Unaweza kumpandisha mwenzake yeyote juu ya kichwa hicho na kumbeba. Akiwa mikono mitupu huenda hatua moja, akiwa na mzigo huenda mbili. Nilimwambia Randa hiyo ni kinyume, akanijibu mwenye mzigo ndiye mwenye haraka ya kufika. Mpagazi akiliwa, analiwa na mzigo wake.

Mgeni haliwi. Zamu yako ikifika, badala ya kusogeza mtu wako, unaweza kumsogeza Mgeni hatua moja. Akisimama ubavuni mwa mtu wako, amefikia kwako. Zamu mbili anakaa tu, umpishe na umheshimu. Adui asipomvuta kwake, zamu ya tatu unampa jembe, anakuwa askari wako. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria hii baba yake aliicheka siku nzima.

Mkunga hamli mtu. Akiwa amesimama karibu na mfalme wake, zamu yako unaweza kumrudisha ubaoni askari mmoja aliyeliwa. Anazaliwa upya, mbele ya Mkunga.

Mpaka hapo tulikubaliana. Fundi alikuwa amechangamka, hata alinitania kwamba namwachia Mgeni asimame mlangoni kama sikufunzwa. Nikamrudisha askari wangu mmoja kwa Mkunga. Baadaye nikapoteza mwingine, nikanyoosha mkono nimrudishe naye. Fundi akamfunika Mkunga kwa kiganja.

"Huyo ameshamaliza kazi. Anatoka ubaoni."

"Anatoka anaenda wapi?"

"Akizalisha mara moja anatoka. Ndiyo sheria."

"Sheria ya nani? Randa aliniambia Mkunga haondoki mpaka aliwe. Tumecheza hivyo mwaka mzima."

"Na mimi nimecheza naye hivi mwaka mzima."

Tulianza kama utani. Nikasema amezeeka, anachanganya mambo. Akasema mimi ndiye nisiyekubali kushindwa, kwa hiyo nimejitungia sheria. Nikasema toa mkono. Akasema hatoi. Halafu, bila kupandisha sauti, akaniambia, "Unataka Mkunga abaki kwa sababu unataka kila aliyekufa arudi."

Nami nikamrudishia. "Na wewe unataka aondoke upesi ili urudi kwenye mbao zako."

"Usimsingizie mtoto wangu."

"Wako?"

Akainuka, na mkono wake ukakokota ubao, sijui kwa kusudi au kwa bahati mbaya. Watu wote wa Randa wakaanguka kwenye maranda chini ya meza. Niliondoka sikuokota hata mmoja. Nilipofika jikoni nilikaa chini sakafuni. Hata hapo machozi hayakuja.

Jumapili, 8 Machi

Fundi amelala karakana.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Amechukua chekeche langu la unga bila kuniomba. Nimechungulia nikamwona anachekecha maranda, gunia baada ya gunia. Wengine wote wamepatikana. Anamtafuta Mgeni.

Alhamisi, 12 Machi

Karakana tena. Chakula nakifunika, anakuja kukila mimi nikiwa nimelala. Asubuhi nikienda kiwandani sahani imeoshwa. Hatuna mazungumzo mengine zaidi ya hizo sahani.

Jumatatu, 16 Machi

Nimekanda unga leo mpaka msimamizi akaniambia umetosha, unataka kuutoa roho?

Jumamosi, 21 Machi

Dada amepiga simu. Anaishi mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Amesema nyumba yake ina chumba kitupu na mtaani kwake kuna kiwanda cha mikate kinachotafuta mtu. "Njoo ukae. Hapo mnatazamana vidonda tu. Wawili waliozama hawaokoani." Nimemwuliza nije kwa muda gani. Akanyamaza, na dada yangu hanyamazi bure. Akasema, "Njoo kwanza."

Kwa sasa barabara haipitiki. Nimemwambia mvua zikikatika nitakuja.

Nimempenda mume wangu tangu alipokuja kutengeneza dirisha kwa mama yangu akarudi mara tatu kuliangalia dirisha lisilo na ubovu. Nilidhani tutazikana sisi, mmoja amzike mwenzake, kwa zamu iliyo halali. Sasa nyumba imebaki na watu wawili waliomjua Randa, na kila mmoja anamwambia mwenzake hakumjua. Siwezi kuishi hivyo, inanimaliza.

Jumapili, 22 Machi

Nimemwambia. Nilisimama mlangoni mwa karakana nikasema mvua zikiisha nakwenda kwa Dada. Alikuwa anapaka gundi mguu wa kiti. Akasema, "Barabara ile ina mashimo. Kaa viti vya mbele."

Ijumaa, 27 Machi

Leo nina ya kuandika mengi.

Mwalimu alinipigia: mama, nakuomba uje mwenyewe, watoto wanakaribia kupigana. Nikaenda baada ya zamu, na unga bado kwenye nywele. Klabu hukutana maktaba. Wametengeneza vipande vyao, Mpagazi wa kizibo, Mkunga wa kipande cha chaki. Nikawauliza, haya, Mkunga akizalisha mara moja anaondoka au anabaki? Nilitaka shahidi. Nakiri nilikwenda kutafuta ushindi.

Mmoja akasema anaondoka. Wa pili akasema anabaki, lakini anapumzika zamu tatu. Kijana mmoja mrefu akasema kwa aibu kwamba Mkunga wake alikuwa anaweza kumrudisha hata malkia. Wenzake wakamzomea. Akasema, "Aliniambia mimi tu. Nikipoteza malkia huwa naacha kucheza."

Yupo msichana wanayemwita Redio, rafiki mkubwa wa Randa, aliyekuwa akija kwetu na kuondoka kabla sentensi yake haijaisha. Akasema, "Mimi nikitamka neno, Mkunga wangu anakosa zamu. Nimecheza mwaka mzima nimeuma ulimi." Watoto wakacheka. Nami nilicheka, nikajisikia vibaya kwa kucheka.

Nikamvuta Redio pembeni, penye dirisha.

"Mwanangu, sheria ya kweli ni ipi?"

"Haipo mama. Mpagazi na Mgeni ni sawa kwa wote. Mkunga ndiye aliyekuwa anampunguza na kumwongeza. Randa alikuwa anamtazama mtu kwanza, ndipo anamkatia Mkunga wake, kama nguo."

"Na mimi alinitazama akaona nini?"

"Alisema mama hapendi kitu kiishe."

Nilishika ukingo wa dirisha. Kisha nikauliza la pili, na laiti nisingeuliza. "Na baba yake?"

Redio, ambaye maneno humtangulia, sasa aliyachagua. Akasema taratibu, "Alisema baba ana muda wa gundi tu. Akishabana kiti chake anakaa kucheza mpaka gundi ishike, halafu anainuka, hata kama mfalme yuko taabani. Mara nyingi walikuwa hawamalizi. Basi akampunguzia Mkunga, ili mchezo utoshee humo."

"Alisema kwa uchungu?"

"Hapana mama. Alisema kama mtu anayepiga hesabu."

Nimerudi kwa miguu kwenye mvua. Ubishi wetu umekwisha: sote wawili tunasema kweli. Ila mimi nilipewa mchezo mrefu, na yeye alipewa mfupi, na sababu yake ninayo mimi. Nikimwambia nitamvunja. Ni mtu aliyefanya kazi mchana kutwa ili mtoto asome, na mchana huohuo ndio mtoto alioupima kwa gundi.

Jumamosi, 28 Machi

Sikumwambia.

Jumapili, 29 Machi

Nimemwambia uongo. Nilimpelekea chai karakana nikasema, "Mpe Mwalimu sheria yako. Nilikosea mimi."

Akaweka kikombe chini. Akanitazama usoni, jambo ambalo alikuwa ameliacha. "Wewe? Tangu nikuoe hujawahi kukosea hata njia ya sokoni."

"Basi leo nimeanza."

Hakuamini. Fundi anajua mbao iliyofunikwa rangi ili kuficha ufa.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua imepungua. Mashindano Jumamosi ya wiki ijayo. Dada anauliza basi la siku gani.

Jumamosi, 4 Aprili

Redio haizimwi, ningejua hilo mapema. Leo mama yake alimtuma karakana na kigoda kilichovunjika, akakaa kusubiri, na alivyokaa ndivyo alivyomwaga yote. Mimi nilikuwa jikoni. Nilimwona Redio akipita uani anafuta macho, kigoda mkononi kikiwa vilevile na mguu mmoja.

Nilikwenda. Fundi alikuwa amekaa kwenye gogo analokalia wakati wa kucheza. Nilimkuta ameshika Mkunga.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua tangu wiki iliyopita."

"Na ukasema umekosea."

"Ningesema nini?"

Bati lilikuwa linadondosha matone ya mwisho kwenye ndoo. Kisha akaanza kusema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno, ikabidi nichuchumae kumsikia.

"Mvua ikianza kunyesha, alikuwa anakuja mbio hapa, bado ana sare za shule. Anaingiza kidole kwenye kopo. Ananiuliza, baba, leo gundi itachukua muda gani? Namwambia leo kuna unyevu, leo itachukua mpaka jioni. Anafurahi. Kila mvua anauliza." Akajifuta pua kwa mkono wenye vumbi. "Mimi nilidhani anajifunza ufundi. Niliwaambia hata wateja. Huyu binti yangu atarithi karakana, maana hakuna anachopenda kuuliza kama gundi."

Ndipo mume wangu alipolia, na mimi nikalia naye, wote tumekaa kwenye maranda. Nilidhani machozi yakija yatanipunguzia. Hayapunguzi kitu. Ila angalau tulilia kitu kimoja.

Jumapili, 5 Aprili

Amerudi kulala ndani. Alinipa mgongo, lakini ni mgongo ninaoufahamu.

Jumanne, 7 Aprili

Sheria tumempa Mwalimu leo. Tuliandika pamoja, mwandiko wangu na makosa yake. Mpagazi, Mgeni, yote. Kwenye Mkunga tumeandika hivi: Kabla ya kuanza, wachezaji watazamane, kisha kila mmoja amkatie mwenzake Mkunga wake. Mwalimu amesoma mara mbili, akasema sheria ya namna hii itampa kazi mwamuzi. Fundi akamwambia, "Mpe hiyo kazi."

Jumamosi, 11 Aprili

Mashindano. Tulikaa nyuma. Aliyeshinda ni yule kijana mrefu, na hakumhitaji Mkunga hata mara moja. Waliposimama kumkumbuka Randa waliita jina lake la kwenye vyeti, na mimi na Fundi tulitazamana kama tumeingia kwenye msiba wa jirani.

Jumanne, 14 Aprili

Jua siku nzima. Wateja wanaleta tena milango, sasa imesinyaa.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimekata tiketi ya Jumanne, kiti cha mbele. Nimemwonyesha Fundi. Akaisoma pande zote mbili, akasema vizuri.

Sijui kama naenda kwa sababu nataka kwenda, au kwa sababu nilisema. Nyumba ni tulivu, tunaongea, tunapeana chumvi. Lakini bado haniiti, na nikisikia mtoto wa jirani anamwita mama yake, bega langu huruka. Mtu asiyeitwa na mtu anakaaje kwenye nyumba?

Jumatatu, 20 Aprili

Asubuhi nimeaga kiwandani. Nimerudi nikafunga mkoba. Mchana mawingu yakakusanyika, ikaanza kunyesha, mvua ya kuaga, wala si kubwa.

Nikasikia anagonga kitu karakana, nikaenda kuaga na huko. Mkoba nilikuwa nimeubeba, sijui kwa nini, basi ni la kesho.

Alikuwa amechukua vipande viwili vya mbao kutoka kwenye pipa la mabaki. Havikulingana hata urefu. Amevipaka gundi, gundi nyingi kupita kiasi, mpaka inachuruzika pembeni, akavigandisha pamoja, akavibana kwenye jiliwa na kukaza mpini. Nikamwuliza anatengeneza nini.

"Sitengenezi kitu."

Kwenye meza ya kazi ubao ulikuwa umeshapangwa. Wote walikuwepo. Mgeni alikuwa katikati, na vumbi la mbao bado lilikuwa kwenye mikunjo ya shingo yake. Hakuniambia alimpata lini.

Akaingiza kidole kwenye kopo la gundi, akakisugua kwa kidole gumba, akatazama mvua nje.

"Leo kuna unyevu," akasema. Akanisogezea gogo kwa mguu, lile la upande wa Randa. "Mkunga wako habaki tu, hata akiliwa anarudi. Wangu fanya utakavyo. Kaa, Mama Randa. Hii haitashika leo."

Niliuweka mkoba chini kwenye maranda, nikakaa.